Marehemu wa Litembo

Keko, Dar es Salaam
6 Aprili 2003

Kwa shemeji yangu Bonifasia,

Shikamoo. Barua zangu huanza kwa kuomba radhi ya kukaa kimya, lakini leo radhi itasubiri. Kaa chini kwanza. Kama barua imekukuta shambani, shuka nyumbani ukae.

Wiki hii niliitwa kuandika bango la maonyesho ya picha kwenye jumba moja la sanaa huko Oysterbay. Kazi yangu unaijua: naandika herufi, nachora mshale, nalipwa, naondoka. Nilipomaliza, mwenye jumba, Mama Luisa, akaniambia niingie ndani nipate soda. Nikaingia na kopo langu la rangi mkononi, na nusura nilimwage. Shemeji, ukuta wote wa mkono wa kulia ni Litembo!

Ni picha zako. Zile ulizochora juu ya magunia ya kahawa, Ignatio akiwa bado mzima. Ile ya wanawake wanaofukia majani kutengeneza ngolo zenu za kulimia, na mlima mzima umetobolewa mashimo kama sega la nyuki. Ile ya wasichana wanaotokeza kwenye ukungu na kuni kichwani. Mimi niliziona zikiwa mbichi, Krismasi ile tuliyokuja na mke wangu Otilia, nikachafua shati langu jeupe kwa kijani chako. Siwezi kuzikosea.

Chini ya kila moja kuna kikaratasi: "Wanawake wa Kusini. Mchoraji hajulikani." Nikamwuliza Mama Luisa, hajulikani na nani? Akacheka. Akasema picha amezikodi kwa mfanyabiashara wa Songea, Bwana Hyasinti. Nikameza soda yangu na maneno yangu, maana sikujua wewe na huyo bwana mlikubaliana nini.

Lakini sikiliza. Kuna sheria mpya ya hakimiliki. Sisi wasanii tuliitwa semina, nami nilikwenda kwa ajili ya chai na maandazi, nikarudi na jambo zito. Tuliambiwa hivi: ukiuza picha umeuza gunia na rangi, haki ya kuichora inabaki kwako. Ikitundikwa mbele za watu, unapeleka taarifa ofisini: ni picha gani, ilionyeshwa wapi, kuanzia lini hadi lini, na nani aliyeandaa. Kwa taarifa hiyo unapata mrabaha, yaani sehemu yako wewe uliyeumba. Usipotoa taarifa, hakuna atakayekuja kukugongea mlango.

Niambie basi. Ulimwuzia? Na kwa nini hukuandika jina lako?

Ni mimi shemeji yako,
Meshack Haule


Litembo
2 Mei 2003

Shemeji Meshack,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako imeletwa na dereva wa lori la kahawa, ikiwa imelowa pembeni lakini inasomeka. Huku maharage yanachanua na baridi imeanza kuuma.

Najua unanipenda. Tangu Ignatio atutoke, kila mtu ananitafutia kitu cha kunichangamsha. Padre ananiambia nijiunge na kwaya. Mdogo wangu Otilia ananiita nishuke Lundo nikale dagaa wa usipa wabichi na kutazama ziwa. Na wewe sasa umenitungia jumba la picha. Asante, ila usinifariji kwa njia hiyo. Inauma.

Picha zangu zilikufa, shemeji. Ni jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu isipokuwa marehemu mume wangu. Unakumbuka wanunuzi binafsi walivyoanza kupanda huku milimani kununua kahawa mlangoni kwa mtu? Bwana Hyasinti alikuwa mmoja wao. Aliona picha zangu zimeegemea ukuta wa jikoni, akasema, "Mama, soko huria limefunguka hata kwa rangi. Nipe nikutafutie wateja." Nikampa zote. Akanionya nisiandike jina, eti wageni hupenda picha safi.

Aliporudi msimu uliofuata alikuja na uso wa msibani. Lori lilinyeshewa njiani, magunia yakaoza. Mawili aliyoyaokoa aliyapeleka Dar es Salaam, na hakuna aliyeyataka. "Watu wa kule wanataka simba na Wamasai," aliniambia. Akatuachia sukari ya kutupa pole. Tuliinywa chai ya sukari ile, Meshack, nami nikiona kila kikombe kama matanga.

Nikazigawa brashi zangu kwa walimu wa shule. Tangu hapo sichori. Nalima, nachuma kahawa, jioni nasali rozari na mama mkwe. Nimezoea.

Hizo ulizoziona ni za mtu mwingine. Wanawake wanaolima ngolo ni wengi, na wenye macho ya kuwaona pia ni wengi.

Msalimie huyo Mama Luisa, kama yupo kweli.

Bonifasia Kapinga


Keko, Dar es Salaam
19 Mei 2003

Shemeji Bonifasia,

Shikamoo. Mama Luisa yupo kweli, na anavaa miwani.

Nilisoma barua yako mara moja tu, sikuweza kuirudia. Miaka yote hii nilidhani uliacha kuchora kwa sababu ya kumwuguza Ignatio. Wala Otilia hajui.

Sitakubishia kwa maneno. Fungua kipande cha gazeti nilichokunja humu. Ni picha ya siku ya ufunguzi. Usimtazame mgeni rasmi, tazama nyuma ya bega lake. Kisha uniambie ni kichaa gani mwingine wa Tanzania anayechora ukungu kwa rangi ya zambarau.

Hazikuoza. Hata moja. Hakuna lori lililonyeshewa. Alikudanganya ili uziache.

Nilirudi kule Jumapili baada ya ibada, nikalipa kiingilio kama watu wengine, nikasimama karibu na picha zako kama mlinzi. Akaja mama mmoja wa makamo, nguo za ofisini, kisigino kirefu. Alikaa mbele ya ile ya ngolo hadi mwenzake akamvuta mkono. Akamwambia mwenzake, "Ngoja kidogo. Huyu aliyechora amewahi kushika jembe. Tazama huyo mwanamke anavyouchunga mgongo wake." Nilitamani kumwambia jina lako. Nikatoka nje nikaja kukuandikia.

Nimeuliza mambo yote ofisi ya hakimiliki. Kijana wa pale ana subira. Kwanza unajiandikisha wewe na kazi zako. Halafu kila maonyesho yana taarifa yake, hayachanganywi. Picha zako zimeonyeshwa mara tatu kwa ninavyojua: Arusha mwaka juzi, Bagamoyo mwaka jana, na sasa hapa. Vijitabu vya maonyesho ya Arusha na Bagamoyo nimevipata kwa Mama Luisa, nimekuwekea kurasa zinazohusika. Tarehe, mahali na mwandaaji vimo humo. Wewe jaza kwenye fomu nilizokuwekea humu jina la kila kazi, kipimo, umeichora kwa rangi gani na juu ya nini, na mwaka. Nenda Mbinga kwa hakimu uweke kiapo. Baada ya hapa picha zinakwenda ng'ambo, kwa hiyo usichelewe.

Chukia kwanza kama unataka kuchukia. Lakini ujaze.

Meshack


Litembo
22 Juni 2003

Shemeji,

Nilifungua kile kipande cha gazeti nikiwa kwenye foleni ya kukobolea kahawa. Nikapiga yowe. Wanawake wakaacha zamu zao wakanikimbilia, wakidhani nimepokea taarifa ya kifo. Nikawaambia hapana, ni ya kufufuka.

Unisamehe kwa kukuita mwongo kwa adabu.

Usiku ule hasira haikunipa usingizi, na asubuhi nikaona kwamba hasira imeshapoa ila kitu kingine hakijapoa. Kwa miaka mitano nimejiona mjinga aliyedhani anajua kuchora. Nikipita mahali pazuri, mlima umekaa vizuri na jua liko upande wake, nilikuwa nageuza uso. Nilijikataza kuona, Meshack. Huyo bwana kuchukua magunia ni jambo moja. Lakini alinichukulia na macho.

Nimejaza taarifa zote tatu. Sehemu ya Arusha na Bagamoyo ilikuwa rahisi. Iliyonikwamisha ni pale palipoandikwa "Jina la kazi". Picha zangu hazikuwahi kuwa na majina. Tulikuwa tunasema tu "ile ya kuni", "ile kubwa". Kule wameziita Wanawake wa Kusini moja, mbili, tatu, kama magunia kwenye mizani. Basi nikakaa barazani, nikazifikiria moja moja nilivyokuwa siku nilipozichora. Ya ngolo nimeiita "Tumeukamata Mlima", kwa kuwa udongo wetu bila mashimo yale ungekuwa umeteremka wote hadi ziwani kwenu. Ya wasichana wa kuni nimeiita "Sauti Kabla ya Watu", maana kwenye ukungu unawasikia wakicheka kabla hujawaona. Nyingine utazisoma mwenyewe. Nilikuwa kama mtu anayebatiza watoto waliokwisha kuota ndevu.

Mbinga nilikwenda kwa lori, nikarudi kwa miguu sehemu ya njia. Hakimu alisoma kiapo akaniuliza, "Mama, wewe ndiye mchoraji?" Nikajibu ndiyo. Neno hilo lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga.

Mkabidhi taarifa hizi huyo kijana mwenye subira. Na kwa walimu nimerudishiwa brashi mbili. Manyoya yamebaki kidogo, lakini zinakubali.

Bonifasia


Keko, Dar es Salaam
30 Julai 2003

Shemeji,

Shikamoo. Leo naandika kwa kifupi.

Taarifa zako zilipokelewa vizuri. Ofisi ikamwandikia Bwana Hyasinti ajibu. Amejibu. Nakuwekea fotokopi usome mwenyewe, maana mimi nikiandika maneno yake kwa mkono wangu kalamu itavunjika.

Anasema mchoraji wa picha hizo ni marehemu Bonifasia Kapinga wa Litembo, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Anasema mume wa marehemu alimwachia yeye haki zote kwa maandishi, na karatasi ya mume ameiambatanisha. Anayepeleka taarifa sasa, anasema, ni tapeli anayetumia jina la mfu.

Ofisi haikumwamini wala haikumkataa. Wanataka neno kutoka kwako, na uthibitisho.

Kama umechoka, nitaelewa. Mimi huku ni mzima, kazi zinakwenda vizuri.

Meshack


Lundo
8 Agosti 2003

Dada yangu Bonifasia,

Shikamoo dada. Watoto hawajambo, ziwa limechafuka siku hizi kwa upepo wa mwera, usipa wamekuwa adimu.

Nimeandika kwa sababu nimejua Meshack amekuficha jambo. Kazi zake haziendi vizuri hata kidogo. Huyo Hyasinti ana marafiki wenye maduka na majumba ya picha, wote waliokuwa wanampa mabango ya kuandika. Amewaambia kwamba Meshack ni mfitini. Wamemkatia kazi. Sasa hivi anapaka rangi kuta za nyumba za watu, na alinikataza nisikuambie.

Sikuambii ili uache. Mimi ninamjua mume wangu na ninakujua wewe. Mkiachiwa mfichane vya kutosha, mtahurumiana hadi mshindwe wote wawili. Yeye anaogopa kukuchosha, na wewe ukijua utaogopa kumwumiza. Kumbe mnataka kitu kimoja.

Kwa hiyo mimi nasema, dada, ukitaka kumsaidia Meshack, shinda.

Mdogo wako,
Otilia


Litembo
17 Agosti 2003

Kwa Afisa Mhusika,
Ofisi ya Hakimiliki,
Dar es Salaam

Ndugu,

YAH: TAARIFA ZA MAONYESHO YA PICHA ZANGU, NA KIFO CHANGU

Mimi ninayeandika ni yule mliyeambiwa amefariki.

Nimesoma barua ya Bwana Hyasinti kwa makini, na kwanza napenda kumshukuru. Katika maonyesho yote matatu mchoraji hakujulikana. Nilikuwa nikijiuliza nitawathibitishiaje kwamba picha zile ni zangu, kwa kuwa yeye mwenyewe alinizuia kuandika jina. Sasa ameandika kwa mkono wake na kuweka sahihi kwamba aliyezichora ni Bonifasia Kapinga wa Litembo. Hapo hatubishani. Kilichobaki ni kidogo: kujua kama Bonifasia anapumua.

Naambatanisha barua ya Padre wa parokia, anayenipa Komunyo kila Jumapili. Naambatanisha pia barua ya mwenyekiti wa kijiji, yenye mhuri. Mwenyekiti alicheka sana kabla ya kugonga mhuri, lakini aligonga.

Pili, kuhusu karatasi ya mume wangu. Mume wangu Ignatio alizikwa mwezi Machi mwaka 2002, na cheti chake cha kifo kimo humu. Karatasi ya Bwana Hyasinti inaonyesha kwamba mume wangu aliitia sahihi mwezi Septemba mwaka huo huo. Mjionee wenyewe. Katika karatasi hiyo aliye hai amekufa, na aliyekufa ameshika kalamu. Ignatio alikuwa mtu mwema aliyenibebea magunia na kunichanganyia rangi, na hakuwahi kuuza hata kuku wangu bila kuniuliza. Naomba jina lake lisitumiwe tena na mtu asiyemjua.

Tatu, picha zenyewe sikuziuza. Nilimkabidhi anitafutie wateja, akarudi kuniambia zimeoza kwa mvua. Kama zilioza, mvua hiyo ni ya ajabu, kwa kuwa imezikausha na kuzitundika Arusha, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Mwisho, ndugu Afisa. Ninadai mrabaha wangu kwa sababu sheria inanipa, na mimi ni mkulima, ninajua maana ya kuvuna ulichopanda. Lakini kama mtu angeniuliza ni kipi nianze nacho, ningesema kile kikaratasi chini ya picha. Kibadilishwe. Mchoraji anajulikana. Anajulikana kanisani, anajulikana gulioni, na Mungu anamjua.

Nimechora kipande kidogo cha gunia nikakifunga pamoja na barua hii. Ni kiwanda cha kukobolea kahawa, asubuhi ya wiki iliyopita, rangi zake ni za wiki iliyopita. Mtu aliyekufa miaka mingi asingejua kwamba tumebadilisha bati la paa lake.

Wenu katika uhai,
Bonifasia Kapinga
Mchoraji

(Nakala: Meshack Haule, Keko. Shemeji, najua kuhusu mabango. Tutazungumza.)


Keko, Dar es Salaam
24 Septemba 2003

Shemeji yangu, dada yangu, marehemu wetu!

Shikamoo, shikamoo tena!

Otilia atanieleza vizuri nikifika Lundo. Lakini leo siwezi kumkasirikia hata mbu.

Tuliitwa ofisini sote siku moja: mimi kwa niaba yako, Bwana Hyasinti na wakili wake, na Mama Luisa. Kijana mwenye subira akasema ataanza kwa kusoma barua ya mchoraji. Akasoma kwa sauti. Alipofika "aliye hai amekufa, na aliyekufa ameshika kalamu", wakili wa Hyasinti akafunga mkoba wake taratibu. Mimi nilikuwa naangalia sakafu ili nisicheke ofisini kwa serikali.

Hyasinti akasema, "Mimi niliambiwa tu kwamba mama huyo amefariki. Habari za vijijini, unajua tena."

Mama Luisa akavua miwani. Akasema, "Bwana Hyasinti, mimi uliniambia ulihudhuria mazishi. Ulinieleza mpaka wimbo ulioimbwa."

Hyasinti akamtazama wakili wake, na wakili akatazama mkoba.

Mama Luisa akaendelea. Akasema aliwahi kumwuliza kwa nini jina la marehemu lisiandikwe kumpa heshima, naye akajibu kwamba ndugu hawataki. "Na mimi nikakubali," alisema, "nikawa naonyesha kazi ya mtu huku nimemfuta. Naomba radhi mbele ya ofisi hii, na nitamwandikia mwenyewe."

Yaliyoamuliwa ni haya. Taarifa zako zote tatu zimekubaliwa, na mrabaha wa kila maonyesho utakujia kwa jina lako, hundi ya kwanza ikiwa tayari inaandaliwa. Picha ni zako, zote, kwa kuwa hukuziuza. Ile karatasi ya sahihi ya Ignatio imekwenda polisi na Hyasinti ameifuata. Mama Luisa anaomba kuendelea na maonyesho na kuzipeleka ng'ambo, lakini safari hii anakuomba wewe, kwa mkataba.

Sasa nikueleze lililonipata mimi. Baada ya kikao Mama Luisa akaniambia, "Fundi, nifuate." Tukafika jumbani. Akaniambia nifute lile bango langu la zamani nje ya mlango, niandike upya. Nikauliza niandike nini. Akasema, "Jina lake. Ukutani. Uone mwenyewe ukubwa unaofaa."

Nilipanda ngazi asubuhi nikashuka jua likizama. Nimeandika BONIFASIA KAPINGA WA LITEMBO kwa herufi ndefu kuliko mkono wangu, nyekundu ya udongo wa kwenu, kivuli cheusi upande wa kulia. Madereva wa teksi walikuwa wanasimama kuuliza, huyu anagombea ubunge? Nikawaambia hapana, huyu ameshashinda.

Nikiwa juu ya ngazi nilifika herufi ya K, ikabidi nishushe brashi ningoje. Kwa miaka ishirini nimeandika majina ya sabuni, ya baa, ya wagombea, ya makanisa. Sikuwahi kuandika jina la mtu wangu.

Na mabango yamerudi. Wawili kati ya walionikatia kazi wamekuja wenyewe Keko kunitafuta.

Mwambie Mama Luisa masharti yako. Usiwe mpole.

Shemeji yako,
Meshack


Litembo
16 Novemba 2003

Shemeji Meshack,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo, na safari hii uitikie kwa nguvu.

Nilimwandikia Mama Luisa sharti moja. Kabla picha hazijapanda ndege, zipande kwanza mlima. Zije Mbinga, watu waliochorwa wajione. Alikubali, akazileta mwenyewe kwa gari lake, akalala kwangu, akala ugali na maharage akaomba tena. Ni mtu mzuri aliyekuwa amedanganywa kama mimi.

Tulipewa lile ghala la ushirika pale Mbinga, ambalo siku hizi halina kahawa tangu wanunuzi wawe wengi. Tulifagia wanawake peke yetu, tukapaka chokaa. Otilia alipanda kutoka Lundo na kapu la usipa wakavu na nusu ya kwaya ya Kianglikana. Waliimba mlangoni, na kwaya yetu ya Kikatoliki ikaona wivu ikaja kuimba pia. Ungekuwepo ungeziba masikio kwa furaha.

Watu walikuja, Meshack! Walikuja kutoka Namswea kwa miguu, na jembe begani, kwa kuwa mvua zimeanza na mtu haachi kazi yake bure. Walikuwa wanagombana mbele ya picha. "Hili shamba ni la kwa akina Komba." "Wapi, hilo ni letu, huoni jiwe?" Mzee mmoja alinikemea kwamba nimechora ngolo moja imepinda. Nikamwambia ilikuwa imepinda kweli, mwenye shamba alikuwa na hasira na mkewe siku hiyo. Watu wakacheka hadi chokaa ikadondoka.

Mwalimu mkuu akaniuliza kama mtu anayesuka mikeka au kufinyanga vyungu naye anaweza kutoa taarifa ofisini. Nikamweleza nilivyoelezwa na wewe, na nisichokijua nikasema sikijui, tutauliza. Wanawake kadhaa walikaa na mimi jana kuanza kuandika kazi zao. Na taarifa ya maonyesho haya ya Mbinga nimeijaza mwenyewe. Pale penye "Mwandaaji" nimejiandika mimi. Kijana mwenye subira atashangaa, lakini maonyesho ni maonyesho.

Sasa nikueleze la mama mkwe.

Unamjua alivyo. Tangu niolewe hakupenda niwe nachora. Alikuwa akisema rangi haipikwi ikaiva. Siku ya kwanza hakuja, alisema miguu inauma. Siku ya pili tukamsikia anamwamuru dereva wa lori amshushe taratibu. Akaingia na fimbo yake, hakumsalimu mtu, akapita picha moja baada ya nyingine akiguna.

Akafika kwenye ile ndogo iliyoko pembeni, ya mwanamke anayepepeta kahawa kwenye ungo, makapi yamepanda hewani kama nyuki na jua limepita katikati yake. Akasimama. Akainama karibu, pua inakaribia gunia.

Akaniuliza kwa Kimatengo, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Ni wewe, mama. Mwaka ule wa mavuno makubwa. Nilikuchora nikiwa dirishani, ulikuwa hujui."

Aliugusa mkono wa yule mwanamke kwa kidole kimoja, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza huku na huku. Nilikuwa tayari kusikia jambo lolote.

Akageuka akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuwafikia hata walioko nje, "Nileteeni kiti."

Wakaleta. Akakiweka chini ya picha, mgongo kwenye ukuta, fimbo kati ya magoti, kitambaa amekikaza upya kichwani. Na hapo akakaa kutwa nzima. Kila aliyeingia alimwita kwa fimbo: "Njoo huku. Anza na huku. Huyu ni mimi." Wakubwa kwa wadogo wakapanga mstari kumwamkia, shikamoo bibi, shikamoo bibi, naye akiwaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, kama askofu. Mkuu wa wilaya alipofika na yeye akaambiwa aanze na huko.

Jioni tulitaka kufunga mlango. Mama Luisa akamsogelea kwa heshima, akamwambia bibi, tumefunga, twende tukapumzike.

Mama mkwe akamtazama kuanzia miwani hadi viatu. "Nenda wewe," alisema. "Mimi wageni wangu bado wanakuja."

Bonifasia